Uzoefu wangu: podikasti zinazofaa safari ndefu ya gari, na ninavyozipata

Kazi yangu inanitaka niwe barabarani. Mara mbili au tatu kwa mwezi naendesha saa saba, wakati mwingine tisa, nalala huko niendako, kesho yake nageuza. Ni mwaka wa sita sasa nasafiri na podikasti, yaani vipindi vya sauti unavyopakua kwenye simu na kuvisikiliza muda wowote. Katika muda huo nimepakua vitu vingi vizuri ambavyo garini havikunifaa kabisa, na vichache vilivyonifanya nifike, nizime injini, kisha nibaki nimekaa kwenye kiti mpaka msimulizi amalize alichokuwa anasema. Tofauti kati ya aina hizo mbili ilinichukua muda mrefu kuielewa, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa.

Nilianza kama wanavyoanza wengi. Nilifungua programu ya simu, nikaingia kwenye orodha ya zinazosikilizwa zaidi, nikapakua kumi za juu. Orodha ile huonyesha kinachovuma wiki hiyo: mahojiano ya mtu maarufu, mabishano ya siasa, marafiki watatu wanaopiga soga studio. Ukiwa sebuleni zinapendeza. Barabarani, watu watatu wenye sauti zinazofanana wakikatizana maneno, huku matairi yananguruma, utakachopata ni kelele juu ya kelele. Nilikuwa nafika nimechoka kuliko siku nilizosafiri kimya.

Nilichokuwa sijakitambua ni kwamba dereva hasikilizi kama mtu aliyetulia. Kila baada ya muda masikio yake yanafungwa. Unafika nyuma ya lori lililosheheni, unaangalia kioo, unahesabu magari yanayokuja, unashusha gia, unapita, unarudi upande wako. Hapo dakika moja na nusu ya podikasti imekupita na hukusikia hata neno. Swali la kwanza ninalojiuliza sasa kuhusu podikasti yoyote ni hili: baada ya lori, itanipokea? Ipo inayokuacha ulipodondokea, na ipo inayokushika mkono na kukurudisha ndani.

Inayokurudisha ndani mara nyingi ina sauti moja inayoongoza. Msimulizi anataja tena jina la anayemzungumzia, hasemi tu "yeye" kwa dakika tano. Anakukumbusha tulipo kabla hajasonga mbele. Ni ufundi wa watu wa hadithi tangu zamani: msimulizi anajua kuna mtoto aliyesinzia kidogo, anamwamsha kwa kurudia jina la mhusika.

Mfano ninaompa kila anayeniuliza ni The History of Rome ya Mike Duncan. Aliianza mwaka 2007 akaimaliza 2012, na vipande vyake vilivyopewa namba vinafika 179. Inatoka kwenye visa vya Aeneas na Romulus, waasisi wa Roma katika hadithi za kale, mpaka mwaka 476, pale Romulus Augustulus, mtawala wa mwisho wa Roma ya magharibi, alipoondolewa kwenye kiti cha enzi. Ni mtu mmoja, kipaza sauti kimoja, na mpangilio usiokuyumbisha. Nikipoteza dakika mbili kwenye kona, nikirudi namkuta bado yuko na jemadari yule yule, bado anaeleza kwa nini jeshi lilikosa chakula. Vipande vyake si virefu, vingi ni kama nusu saa au pungufu, kwa hiyo nikiona kituo cha mafuta mbele najua naweza kumaliza kimoja kabla sijasimama. Niliisikiliza yote kwa zaidi ya mwaka. Hadi leo kuna daraja moja kwenye njia yangu ambalo kila nikilipita namkumbuka Hannibal, jemadari wa Carthage aliyepigana na Roma, kwa sababu nilikuwa juu yake nilipomsikia anavusha tembo kwenye mto Rhône.

Lakini mtu akipima The History of Rome kwa kipande cha kwanza, ataiacha. Vile vya mwanzo vina sauti hafifu, na mwenyewe bado anasoma kama mtu aliye peke yake chumbani. Kwa hiyo siku hizi podikasti yoyote mpya naipima kwa kuanzia katikati, kipande cha ishirini au thelathini hivi. Kipande cha kwanza mtengenezaji alikuwa bado anajifunza. Kile cha karibuni huenda ni cha tukio maalumu au mgeni maalumu. Katikati ndipo anapofanya kazi yake ya kila siku, na huko ndiko utamjua. Ikiwa ni simulizi yenye mfuatano, nikishaipenda ndipo narudi mwanzo kwa moyo mweupe.

Kinyume chake kwa urefu ni Dan Carlin na Hardcore History. Mfululizo wake wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Blueprint for Armageddon, una sehemu sita, alizitoa kati ya 2013 na 2015, na kila moja inazidi saa tatu. Nilidhani saa tatu za mtu mmoja zitanishinda. Hazikunishinda, na sababu ni ile ile: anarudia. Anasema jambo, analizunguka, analileta tena kwa mfano mwingine. Msikilizaji aliyekaa kwenye kochi anaweza kuona ni mzunguko mwingi. Kwa aliyeshika usukani, mzunguko huo ndio unaomwokoa. Nasimamisha kila baada ya saa mbili kunyoosha miguu hata kama hajamaliza, na nikirudi sijapotea.

Fall of Civilizations ya Paul Cooper iko kwenye familia hiyo pia. Ilianza 2019, na kila kipande kinachukua ustaarabu mmoja, kinaujenga taratibu halafu kinauangusha. Cha Songhai, dola ya zamani ya Afrika Magharibi, nimekisikiliza mara mbili. Kuna waigizaji wanaosoma maandishi ya wakati huo, na kufikia pale majeshi ya Morocco yanapokutana na ya Songhai huko Tondibi mwaka 1591, bunduki kwa mishale, unakuwa umeishi na mji wa Timbuktu muda wa kutosha hadi unaumia. Sikiliza hicho asubuhi, akili ikiwa safi.

Zipo nzuri sana ambazo nazihifadhia barabara nyoofu, isiyo na magari mengi. In Our Time ya BBC, iliyoanza 1998, huketisha wataalamu watatu na mwongozaji kujadili jambo moja, na hazina yake ya vipindi inapita elfu moja. Nimejifunza humo mengi kuliko darasani. Ila mtaalamu wa pili akiendeleza hoja ya wa kwanza huku wewe ulikuwa unatafuta nafasi ya kulipita basi, umeshakatika. Serial nayo, ile ya mwaka 2014 yenye vipande 12 inayochunguza kesi ya mauaji, imejaa majina, saa za simu, nani alikuwa wapi. Inataka mtu ambaye barabara haimdai kitu. S-Town ya 2017 ilitolewa sura zake zote saba kwa siku moja, na inaenea vizuri safari ya kwenda bila kungoja wiki ijayo, lakini ina kifo kinachochoma na lugha kali, kwa hiyo si ya gari lenye watoto.

Sasa sauti, jambo ambalo wengi hawalifikirii mpaka wawe barabarani. Gari likienda kasi, mngurumo wa matairi na upepo huzimeza sauti nzito za chini na minong'ono. Podikasti iliyotengenezwa kwa ajili ya vipokea sauti vya masikioni ina minong'ono mingi. Unapandisha sauti umsikie anayenong'ona, mara muziki unapasuka na unaushika usukani kwa nguvu. Ndiyo maana kila podikasti mpya naijaribu kwanza kwenye safari fupi, kioo cha dirisha kikiwa wazi kidogo. Kama ndani ya dakika kumi nimegusa kitufe cha sauti zaidi ya mara mbili, haiendi safari ndefu, hata iwe na tuzo. Programu nyingi zina kitu cha kusawazisha sauti ili ya chini na ya juu zikaribiane. Kiwashe. Kile cha kukata vituo vya ukimya, ambacho mjini nakitumia, safarini nakizima. Ukimya ule wa nusu sekunde ndio muda wa jicho kwenda kwenye kioo. Na kasi naiacha ya kawaida. Nilikuwa nasikiliza kwa kasi ya moja na nusu nikiamini naokoa muda, kumbe nilikuwa naendesha nikiwa na haraka kichwani.

Kuna jambo moja linanikera kwa dhati, na ningependa watengenezaji walisikie. Jioni moja, mvua inanyesha, nilikuwa nasikiliza kipindi cha simulizi nilichokipenda. Katikati likaingia tangazo lililoanza kwa honi ndefu ya lori. Nilikanyaga breki. Nyuma yangu kulikuwa na gari dogo, na dereva wake alifanikiwa kusimama, namshukuru Mungu. Honi, king'ora, mlio wa breki na mlio wa simu havina nafasi kwenye kitu ambacho watu wanakisikiliza wakiendesha. Tangu siku hiyo, podikasti yenye milio ya barabarani naisikilizia nyumbani tu.

Kuhusu programu yenyewe, mimi natumia AntennaPod kwenye simu ya Android. Ni ya bure, inatengenezwa na watu wanaojitolea tangu 2012, na haina matangazo yake. Kinachonifanya nibaki nayo ni vitu viwili. Kwanza, ninaweza kuchagua vitufe vya kwenye usukani vifanye nini. Kwa kawaida kitufe cha mbele garini maana yake ni wimbo unaofuata, na kwenye podikasti hiyo ni hasara, kwa sababu kugusa mara moja kunakutoa kwenye simulizi ya saa tatu. Kwangu kitufe cha mbele kinaruka sekunde thelathini, cha nyuma kinarudi sekunde thelathini, na hicho cha nyuma ndicho kinachotumika zaidi baada ya kila lori. Macho hayatoki barabarani. Pili, foleni ya vipindi: naipanga usiku, na njiani simu siigusi.

Kabla ya hiyo nilikuwa na programu nyingine, nzuri kwa sura, ambayo ilinifundisha somo kwa uchungu. Niligusa vipindi sita, nikaviona vimejipanga kwenye orodha, nikalala nikijua vimeshapakuliwa. Kumbe vilikuwa vimewekwa alama tu, vinangoja mtandao. Mtandao ulikatika saa ya pili ya safari, na zilizobaki zote nilisafiri na kipindi kimoja nilichokuwa nimekimaliza. Sasa usiku wa kuamkia safari naiweka simu kwenye hali ya ndege, nafungua kila kipindi kwenye foleni na kukisikiliza sekunde tano tano. Inachukua dakika mbili. Kinachocheza bila mtandao ndicho nilichonacho, mengine ni ahadi.

Programu ile baadaye ilifungwa kabisa. Hapo nikagundua uzuri wa jinsi podikasti zinavyofanya kazi. Nyingi zinasambazwa kwa mtiririko wa RSS, yaani anwani iliyo wazi ambayo programu yoyote inaweza kuisoma, kwa hiyo orodha yako si mali ya programu moja. Unaitoa kama faili la OPML, unaliingiza kwenye programu mpya, na zote zinarudi. Ukisoma hapa na una orodha uliyoijenga kwa miaka, toa faili hilo leo ulihifadhi mahali.

Narudi kwenye kuzitafuta, maana ndilo ninaloulizwa zaidi. Niliacha kuuliza watu "nipendekezee podikasti nzuri". Swali hilo linaleta majina yale yale ya kwenye orodha. Nauliza hivi: "Kuna ulichowahi kusikiliza mpaka ukafika na ukashindwa kushuka garini?" Mtu ananyamaza kidogo, anakumbuka, uso unabadilika, halafu anataja kipindi kimoja kamili, tena anakwambia alikuwa ameegesha wapi. Majibu ya swali hilo hayajawahi kuniangusha. Nilipata 99% Invisible ya Roman Mars kwa njia hiyo, kutoka kwa fundi umeme aliyesema ilimfanya aanze kuangalia nguzo na vifuniko vya mitaro kama vitu vilivyobuniwa na mtu. Ipo tangu 2010 na inafaa sana vipande vya njia vya nusu saa.

Njia ya pili ni kumfuata mtu badala ya podikasti. Mgeni akizungumza vizuri kwenye kipindi kimoja, naandika jina lake kwenye sehemu ya kutafuta ya programu, na mara nyingi naona amealikwa kwingine pia. Hivyo kutoka kwa msemaji mmoja mzuri napata podikasti tatu ambazo orodha isingenionyesha kamwe. Hata mtayarishaji, ambaye jina lake husomwa mwishoni upesi upesi wakati watu wengi wameshazima, anafuatika. Mtu mwenye sikio la kukata sauti vizuri huhama nalo.

Lugha nayo ina uzito wake. Mimi Kiingereza nakielewa bila shida, lakini kufikia saa ya tano ya kuendesha naona kinanidai nguvu ambayo sina. Hapo nahamia kwenye Kiswahili: matangazo ya Dira ya Dunia ya BBC, au tamthilia za Noa Bongo za DW, ambazo ni vipande vifupi vyenye wahusika unaowatambua kwa sauti mara moja. Bega linashuka lenyewe. Simulizi ndefu za Kiswahili zilizotengenezwa kwa uangalifu ule wa Duncan au Cooper bado ni chache mno kuliko ninavyozihitaji, na anayezitengeneza ajue kuna watu barabarani wanamsubiri.

Na usingizi: hakuna podikasti inayoutibu. Nilijaribu kuushinda kwa simulizi ya kusisimua, nikaishia kusikia maneno bila maana huku mstari wa barabara unaelea. Ukifika hapo, egesha pahali salama ulale dakika ishirini. Simulizi itakungoja.

Kati ya zote, iliyonigusa kuliko nyingine ni 13 Minutes to the Moon ya BBC World Service, ya mwaka 2019. Anaiongoza Kevin Fong, ambaye ni daktari, na muziki wake wa utambulisho umetungwa na Hans Zimmer, mtunzi wa muziki wa filamu. Msimu wa kwanza wote unajengwa kuelekea dakika 13 za mwisho za Apollo 11 kushuka mwezini, tarehe 20 Julai 1969. Niliiweka siku niliyokuwa na mzee wangu garini, nampeleka hospitali kwa uchunguzi, safari ya saa saba. Mzee si mtu wa simu. Alikaa na kofia yake magotini, anaangalia nje. Saa nzima ya kwanza hakusema kitu, nikadhani amelala.

Tukafika kwenye zile rekodi zenyewe, sauti zinakwaruza, watu wa Houston, kituo cha Marekani kilichoongoza safari ile, wanajibizana na chombo. Ikalia tahadhari ya 1202. Podikasti ilikuwa imeshatueleza maana yake: kompyuta imezidiwa na kazi, inaacha zisizo za lazima na kushika za lazima. Aliyetakiwa kusema waendelee au warudi ni kijana wa miaka 26, Steve Bales, na nyuma yake mwenzake Jack Garman wa miaka 24. Mzee alishaiweka kofia kwenye dashibodi. Amesogea mbele, mkono mmoja umeshika mkanda. Walipoanza kuhesabu mafuta, sekunde 60, kisha 30, mimi nilikuwa nimeukaza mguu bila kujua, na mshale wa mwendo umepanda.

Akanigusa mkono taratibu. "Punguza mwendo, baba. Tuwasikilize vizuri."

Nikapunguza, nikaegesha pembeni kwenye uwazi chini ya mti, tukawasikiliza wakitua gari likiwa limezimwa. Ndipo akaniambia kwamba mwaka ule alikuwa shule, na mwalimu wao aliwasomea habari ile kutoka gazetini siku kadhaa baadaye, na kwamba hakuwahi kudhani ipo siku angezisikia sauti zao wenyewe. Aliongea karibu nusu saa. Mambo ya shule yake nilikuwa siyajui hata moja.

Juzi alinipigia. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza safari ijayo ya hospitali ni lini, ingawa tarehe anaijua. Halafu akafika kwenye lake.

"Ile ya pili, ya Apollo 13, umeshaishusha?"

"Nimeshaishusha baba, na sijaigusa."

"Usiiguse," akasema. "Tutaianza wote tukishatoka mjini."